Nilitaka kumpima mume wangu, majibu yakanigeukia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba alipofariki ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kazi, na tangu hapo wadogo zangu wamesoma kwa mshahara wangu. Miaka 11, Shangazi. Ada, vitabu, nauli, simu, kodi ya chumba cha yule aliyesoma mbali. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nimechoka. Wakiniuliza kama nina shida yoyote, najibu sina.

Miezi miwili iliyopita kitindamimba wetu alihitimu chuo. Kwenye sherehe akapewa kipaza sauti. Akamshukuru Mungu, mama, walimu, rafiki zake wawili kwa majina, hata jirani aliyewahi kumwazima kompyuta. Mimi akanifunga kwenye "familia yangu kwa ujumla". Nilipiga makofi, nikatabasamu mpaka mwisho, kisha nikaaga kwamba kichwa kinaniuma. Wiki tano sikupokea simu yake. Alituma ujumbe, eti alisahau kwa wasiwasi.

Wiki ya tatu mume wangu akaniambia: "Mke wangu, wewe unatoa ili uonekane. Usipoonekana, unamtoza mtu." Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka. Siku hizi nasikia sana habari za unarsisi, za watu wanaojiona wao ndio wao, wanaokuumiza halafu wanakugeuzia kibao. Nikasema kumbe ndiye huyu. Usiku ule ule nikatafuta kipimo kwenye intaneti, nikakijaza kwa niaba yake. Akapata 29 kati ya 40. Nikapiga picha ya skrini, nikamtumia. Akajibu "Sawa".

Ili nisije kuonekana nimemwonea, nikajipima na mimi. Kipimo kile kile kikanipa 9. Nililala usingizi mzuri sana. Kesho yake nikakutana na kingine chenye maswali 10 tu, nikapata 39, na maelezo yakasema ni juu. Nikaona kimekosea. Nikafanya cha tatu, kile kirefu cha maswali 52. Kwenye kuwatumia watu kwa faida yangu nilikuwa chini kabisa. Lakini kwenye kujitoa ili kujikweza, kwenye kuficha udhaifu, na kwenye thamani yangu kutegemea watu wananionaje, nilikuwa juu sana.

Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Niamini kipimo kipi? Nimesoma pia kwamba anayejiuliza kama ana unarsisi hana, kwa sababu mwenye nao hajiulizi. Ni kweli? Na kama ninao, wanangu wawili watauchukua kwangu? Mume wangu je? Ni yeye au ni mimi?

Dada Mkubwa

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na ile picha uliyomtumia mumeo, maana imenichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja. Dodoso lile limetengenezwa kwa jozi 40 za kauli, na mtu huchagua ipi inamfanana zaidi: je, anapenda kutazamwa, au anapenda kupita kimya? Anafurahia kuwaongoza watu, au hajali nani anaongoza? Ni maswali ya moyoni, na aliyeyajibu usiku ule alikuwa na hasira kiasi cha kutetemeka mikono. Namba 29 ni kipimajoto cha hasira yako. Watafiti huwauliza ndugu na marafiki habari za mtu, tena wakati mwingine majirani wa moyo wako wanaona usichokiona wewe, ila maswali yao huandikwa kwa kazi hiyo na hukusanya maoni ya watu zaidi ya mmoja, si ya mmoja mwenye kinyongo. Ifute hiyo picha, na umwambie umeifuta.

Sasa tuje kwako.

Umeuliza uamini kipimo kipi, kana kwamba kimoja kimesema kweli na vingine vimedanganya. Vyote vitatu vimekwambia kweli. Vilikuwa vinatazama pande tofauti za mtu mmoja. Mwaka 1991 mwanasaikolojia Paul Wink alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba unarsisi una nyuso mbili zisizofanana kwa nje. Uso wa kwanza ndio tunaoufahamu wote: mwenye makuu, anayejifaragua, anayetaka kila kikao kimzunguke yeye. Uso wa pili ni mpole, mwenye haya, ngozi nyembamba. Neno dogo linamkaa wiki nzima. Ukiwaweka wawili hao chumba kimoja, utasema hawana undugu. Kinachowaunganisha ni kitu cha ndani: imani kwamba mimi ninastahili zaidi, na kwamba hisia zangu ndizo zinazopaswa kutangulia. Mmoja anaitangaza. Mwingine anaingoja igunduliwe.

Kipimo chako cha kwanza, ambacho kwa umbo hilo la jozi 40 kimekuwepo tangu 1988, kinaegemea mno uso wa kwanza. Kilikusudiwa kupima watu wa kawaida, si kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Wanafunzi wa vyuo vya Marekani, ambao ndio wamekijaza kuliko watu wengine wote, wamekuwa wakipata wastani wa 15 au 16. Kwa hiyo 9 yako inasema jambo moja, kwamba hutamani kipaza sauti. Hilo tulikwisha kulijua; ulitabasamu, ukaondoka na kichwa kinachouma.

Na hata hiyo namba moja ya jumla huficha mengi. Mimi mwenyewe niliwahi kukijaza nikatoka na alama nyingi kuliko zako, wala sikushangaa. Mtu anayekaa kuwashauri wenzake hadharani lazima awe na kiasi fulani cha kujiona. Nilipotazama vizuri, nyingi zilitoka kwenye maswali ya uongozi na kujiamini. Hayo peke yake hayamdhuru mtu, na mara nyingi huenda sambamba na kujithamini kwa kawaida. Yanayoharibu ndoa, urafiki na kazi ni maswali mengine yaliyomo humo humo: kudai haki isiyo yako na kuwatumia watu. Watu wawili wanaweza kupata 18 wote, mmoja ukamwajiri awe meneja na mwingine usimpe hata ufunguo wa mlango.

Cha pili, cha maswali 10, ni cha mwaka 1997 na kilitengenezwa mahsusi kuukamata ule uso mpole. Alama zake huanzia 10 na kuishia 50. Kinauliza kama dhihaka inakuumiza upesi, kama unachukua maneno ya watu kuwa yamekulenga wewe, kama unaona mzigo wako unatosha bila kuongezewa wa wengine. Hapo 39 ni nyingi, sikufichi. Lakini kuwa mwangalifu, kwa sababu kipimo hiki kinapishana sana na wasiwasi, huzuni na kuchoka. Mtu mwenye sonona anaweza kupanda juu humo bila kuwa na unarsisi hata chembe. Wewe umebeba watoto wanne wa watu wengine (ndiyo, ni wadogo zako, lakini hukuwazaa) kwa miaka 11 bila kumwambia yeyote umechoka. Maswali 10 hayawezi kutenganisha ngozi nyembamba na ngozi iliyochubuka.

Cha tatu ndicho kilichonikalisha kitako.

Dodoso hilo la maswali 52 lilichapishwa 2009 na Aaron Pincus na wenzake, na lina sehemu saba. Moja wapo ndiyo iliyokupa usingizi mbaya: kujitoa ili kujikweza. Wengi hushangaa kuikuta humo. Wanauliza wema umeingiaje kwenye orodha ya kujiona? Lugha yetu isingeshangaa. Tuna neno "ria", kutenda jema ili uonwe. Tuna "kusimbulia" na "kusimanga", kumrudishia mtu usoni mema uliyomfanyia. Watu wasingeunda maneno matatu kwa jambo ambalo halitokei.

Tazama zile sehemu tatu ulizopanda, zinavyoshikana mikono. Unatoa sana, na kutoa kunakupa picha nzuri yako mwenyewe: mimi ndiye niliyewainua. Unaficha kuchoka, kwa hiyo hakuna anayejua umegharamika kiasi gani. Na thamani yako umeiweka mikononi mwa hao hao usiowaambia kitu. Siku mmoja wao asipokuona, anakuwa amekunyang'anya picha yenyewe. Kijana wa watu ameshika kipaza sauti, magoti yanagongana, hajui kwamba hapo anafanya mtihani ambao wewe umeutunga kwa miaka 11 na hukumpa maswali.

Na sasa neno ambalo hutalipenda. Sehemu ni saba. Wewe umenitajia nne. Umeacha ndoto za ukuu, umeacha kuwaepuka na kuwashusha wanaokuangusha, na umeacha ghadhabu ya kunyimwa unachoamini unastahili. Inawezekana ulipata alama za katikati ukaona hazina habari. Lakini wiki tano za kutopokea simu zinanifanya niitake hiyo ya mwisho kabla ya zote. Rudi ukaitazame, peke yako, bila haja ya kuniambia.

Kuna kingine nilichokiona kwenye barua, na hiki hakihitaji dodoso. Umeniandikia ada, vitabu, nauli, simu na kodi ya chumba. Umekumbuka aliyeshukuriwa mmoja mmoja, mpaka mwenye kompyuta. Alama zako za vipimo viwili umezitaja kwa tarakimu. Mdogo wako, yeye ndiye mhusika mkuu wa kisa hiki, amepewa nusu ya mstari, nao unaanza na "eti". Je, wasiwasi ulimkumba kweli? Alijua jina lako linangojewa? Alikuwa analia alipokuwa akikupigia wiki ya pili? Hatujui, kwa sababu hukupokea.

Usinielewe vibaya. Kutaka kushukuriwa si ugonjwa. Tunaambiwa tenda wema uende zako usingoje shukrani, na mimi kwa umri wangu bado sijakutana na mtu aliyekwenda zake bila kugeuka nyuma angalau mara moja. Ulistahili kutajwa jina. Mdogo wako alikosea, na angekuwa mbele yangu ningemvuta sikio. Maumivu yako siku ile yalikuwa ya binadamu yeyote. Kilichovuka mpaka ni hukumu iliyofuata: wiki tano za ukimya kwa kijana ambaye hakusomewa shitaka.

Mumeo alikwambia hayo kwa maneno tisa tu. Alisema vibaya, pengine na kwa wakati mbaya, lakini sioni kwenye barua yako kingine chochote cha kumtilia mashaka. Kama kipo, yaani anakudhalilisha mbele ya watu, anakutisha, anakutenga na ndugu zako au anakushikia fedha zako, hayo hayahitaji kupewa jina la kitaalamu ndipo utafute msaada. Kama hakuna, basi huyo ni mume aliyesema kweli chungu.

Hiyo kauli kwamba anayejiuliza hana, itupe. Inafariji, ndiyo maana inasambaa. Mwaka 2014 watafiti waliripoti kwamba swali moja tupu, la kumuuliza mtu ana unarsisi kiasi gani, linaenda sambamba na vipimo virefu vya ule uso wa kwanza. Wengi wenye majivuno wanajijua, na baadhi hawaoni kibaya ndani yake, watakujibu "ninao, kwani nini?" Na wale wa uso mpole wanajiuliza kila usiku, maana kujitazama ndiyo kazi yao. Kwa hiyo kujiuliza kwako hakukusafishi wala hakukutii hatiani.

Je, wewe ni mgonjwa? Tofautisha tabia na tatizo la haiba, yaani ugonjwa wa jinsi nafsi ya mtu ilivyojengeka. Tabia hizi ziko kwa kila mtu kwa viwango, kama chumvi. Tatizo la haiba lenye jina hili liliingia kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 1980, na leo mwongozo huo unataka dalili zisizopungua 5 kati ya 9. Tena ziwe zimedumu tangu ujana, zionekane nyumbani, kazini na kwa marafiki, na ziwe zinavuruga maisha. Anayeamua ni daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia aliyekaa na wewe akakuhoji, akasikia na maisha yako yote, si sherehe moja. Hakuna kipimo cha kwenye simu kinachotoa hukumu hiyo, hata kikikupa rangi nyekundu na mshangao. Kwa niliyoyasoma kwenye barua, ninaona tabia. Sioni zaidi ya hapo. Lakini kama usingizi umekukimbia wiki zote hizi, mtafute mwanasaikolojia kwa ajili ya usingizi na uchovu kwanza, na umpelekee na haya majibu matatu. Yatamsaidia kuanza mazungumzo.

Watoto nitawagusa kidogo. Kuna sehemu ya kurithi, na kuna sehemu ya malezi. Utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa 2015 ulifuatilia watoto 565 wa miaka 7 hadi 11 pamoja na wazazi wao. Waliokuwa wakionwa na wazazi wao kuwa bora kuliko watoto wengine ndio waliozidi kupanda upande wa unarsisi. Waliopewa upendo wa wazi walipanda kwenye kujithamini. Hizo ni njia mbili tofauti. Wapende, na usiwaambie kwamba wenzao ni takataka. Ningeongeza la kwangu: wasikuone unasusa. Mtoto hujifunza kususa upesi kuliko kuhesabu.

Na tabia hizi hazikuchongwa kwenye jiwe. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2024, uliokusanya tafiti zilizofuatilia watu kwa miaka, unaonyesha kwamba nyuso zote mbili hupungua kwa wastani kadiri watu wanavyokua, kutoka utotoni hadi uzeeni. Hupungua polepole, na aliyekuwa juu kuliko wenzake huelekea kubaki juu kuliko wenzake. Bahati nzuri wewe hungoji uzee, umeshashika mwisho wa uzi.

La kufanya. Mpigie mdogo wako. Usimwite kikao, usimtume mama. Mwambie sentensi moja: "Siku ya mahafali nilitaka kusikia jina langu, nikaumia." Halafu nyamaza. Hapo ndipo kwenye kazi, kwa sababu ulimi utakuwa unawashwa kutaja miaka 11, ada na kodi ya chumba. Ukitaja hata kimoja, imekuwa ankara, na yeye atajitetea badala ya kukusikia. Mwombe radhi kwa zile wiki tano, bila kuweka "lakini" nyuma yake.

Kisha, ndani ya mwezi huu, mtu wa nyumbani akikuomba kitu ambacho kweli kinakuelemea, sema huwezi. Usitunge safari wala ugonjwa. Sema "mwezi huu sina" na utazame nini kinatokea. Nakutabiria hofu kidogo kifuani, kwamba usipotoa wewe si kitu. Hofu hiyo ndiyo ya kwenda kuzungumza na mwanasaikolojia. Inafaa kuliko namba zote tatu. Na siku utakapotoa kwa hiari, ukitaka shukrani, iombe mapema na kwa mdomo. "Nitafurahi ukinitaja" si aibu. Ni nafuu kuliko wiki tano.

Vipimo usivirudie kila wiki kama mtu anayejipima uzito. Ukirudia mara nyingi unaanza kujua jibu lipi ni zuri, na unachagua hilo. Kama una hamu sana, subiri mwaka upite.

Ukishazungumza na mdogo wako, niandikie tena. Safari hii alama zako ziache. Nataka kujua yeye alisema nini, kwa maneno yake mwenyewe, na barua isianze na "eti".

Shangazi